Kikohozi cha Msituni

Kitti, kisiwa cha Pohnpei
Jumapili, baada ya misa

Kwako Dada Etuwina,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, shemeji na watoto wote. Mgongo wako umepoa, au bado unalala na chupa ya maji moto kwa sababu ya kuinamia mashine za kufulia za hoteli? Huku tu wazima. Mama anaimba kanisani na kugombana na nguruwe wake kama ulivyomwacha. Baba ana nguvu kuliko sisi sote. Mimi nina kikohozi, ila usishtuke, nitakueleza huko mbele.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu za huku hazina siri. Ukiongea dukani kwa Sohlis, anapunguza redio. Ukiongea nyumbani, Baba anakumbuka ghafla kwamba ana panga la kunoa, na pa kunolea ni karibu yako. Barua hii ataileta Lihna, yule binamu ya Mama anayekuja huko kutibiwa macho. Nimeifunga kwa gundi ya mtumbwi. Ukikuta imebanduliwa niambie, maana Lihna simwamini tangu aliponiuliza asubuhi huwa naelekea wapi. Mtu mwenye macho mabovu ameonaje kwamba ninaelekea mahali?

Umeniuliza kama nimeshafunga mizigo. Dada, sijasahau makubaliano yenu na Baba. Nilirudi kutoka seminari bila kuwa padri, nikarudi kutoka chuo cha uvuvi bila kuwa mvuvi, na mwaka juzi nikarudi kutoka Guam bila kuwa askari. Watu wakaniita Kasiano Nusu, na jina likanishika hata kwa watoto wa katekisimu. Baba akasema mwanamume asiyemaliza kitu aende Honolulu akakunje mashuka na dada yake. Nilipomwomba aniache kwanza nipande kiazi kikuu changu mwenyewe, alicheka mpaka akaweka chini kifuu cha sakau aliyokuwa anakunywa. Akasema haya, kwenye karamu ya chifu nilete kiazi cha kubebwa na watu wanne kwa mti, la sivyo nipande ndege. Wewe ukasema kazi ipo na tiketi utakata. Karamu ni mwezi ujao, na najua unahesabu siku.

Nilikipanda wapi, sitakuambia. Wewe ni damu yangu, lakini una mume, na mume ana ndugu.

Nitakuambia tu kwamba nilikipanda kwa hasira. Msimu wa kwanza kila nilipokwenda nilifukua kidogo nione kama kimenenepa, na nusura nikiue kwa kukishikashika. Majani yakageuka manjano, nikasema haya, nusu nyingine hiyo. Nilitaka kuacha. Sijui kilichonirudisha pale, labda aibu. Nikarudisha udongo, nikaongeza majani makavu, nikakinyoshea kamba mpya mpaka kwenye tawi la juu, nikajikataza kugusa. Kikaamka. Msimu huu wa pili nimekuwa nikienda asubuhi, nafanya kazi ndogo iliyopo, halafu nakaa tu. Siku moja nikashtuka jua limepanda na sijafikiria Guam, wala seminari, wala wewe na mashuka yako. Dada, sijawahi kukaa mahali kwa hiari yangu muda mrefu hivyo. Hata pale seminari nilikuwa nachungulia dirishani.

Basi nilipoanza kutulia ndipo machale yakanicheza. Asubuhi moja nilikuta majani niliyofunikia shina yamelazwa upande usio wangu. Mara nyingine udongo ulikuwa umefukuliwa ukarudishwa, ukapigwapigwa vizuri kuliko ninavyoupiga mimi. Kulikuwa na mtu anakuja kuangalia kiazi changu. Unajua kwetu hilo ni jambo gani. Afadhali mtu akukute unachungulia chumbani kwake. Aliyekamatwa anatazama kiazi cha mwenzake atachekwa mpaka siku ya kuzikwa, na pale makaburini watu watabana vicheko.

Nikamshuku Pernardo kwanza. Binamu yetu huyo anautaka sana ukubwa ambao chifu huwapa wenye viazi vikubwa, anahesabu wazee waliobaki mbele yake kama mtu aliye kwenye foleni ya mchele. Jioni moja tukiwa kwenye banda la karamu, mizizi ya sakau inapondwa, aliniangalia mikono akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Wewe Nusu, mbona kucha zako zina udongo mweusi? Kwenu udongo mwekundu." Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia, lakini nilirudi nyumbani kwa njia ya kuzunguka. Nikamshuku Sohlis, kwa kuwa alikuwa ananipa sigara bure. Nikamshuku katekista, kwa sababu anatembea bila kusikika. Nilikushuku hata wewe, dada. Ulinitumia vile viatu vyenye nyayo za mistari, nikajiuliza mtu wa Honolulu anataka alama zangu zionekane kwenye matope kwa faida ya nani. Naomba usikasirike. Nimevaa kanisani tu.

Nikaanza kutega. Nililaza vijiti vya mkangaga njiani, nikafunga uzi wa ndoano kati ya miti miwili. Vijiti vilirukwa. Uzi niliukuta umefunguliwa na kufungwa tena, kwa fundo zuri kuliko langu. Tena kulikuwa na jani lenye ugonjwa nililoliona jana yake nikasema nitalikata kesho. Kesho yake lilikuwa limeshakatwa. Hapo nikachanganyikiwa. Mchunguzi gani huyu anapalilia?

Siku moja nikatoka mapema kabla Mama hajawasha moto, nikajibana nyuma ya mizizi ya mti mkubwa, panga mkononi. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia Pernardo, mengine ya Guam ambayo siwezi kukuandikia. Kulipokucha nikasikia hatua, mtu anashuka polepole, anashika mti mmoja mmoja.

Alikuwa Baba.

Dada, Baba yetu Dioneis, ambaye viazi vyake vinabebwa kwa mti tangu hatujazaliwa. Alipiga magoti, halafu akalala kifudifudi kwenye majani yenye umande. Akatoa udongo kidogo kidogo, akaingiza mkono mpaka begani, akafumba macho. Alikuwa anakipapasa upana. Alikaa hivyo muda, shavu limelalia udongo. Kisha akautoa mkono, akaweka kidole juu ya kiwiko pale upana ulipoishia, akapatazama. Akasema peke yake, taratibu, kama mtu aliyefungwa kwenye karata, "Mshenzi huyu."

Mimi ndiye mshenzi huyo. Nilisikia furaha na uchungu kwa pamoja, na mpaka leo sijui kipi kilikuwa kikubwa. Mtu haendi kulala kwenye umande kwa ajili ya kiazi cha Kasiano Nusu. Alikuwa ananiogopa. Maisha yangu yote nilimwogopa yeye, na sasa yeye ndiye alikuwa anapima kwa kiwiko. Ningesimama tu pale, bila hata kusema neno, ningekuwa nimemmaliza. Siungi chumvi, nililifikiria hilo. Nikakumbuka Pernardo anavyocheka. Nikabaki nimejikunja, siafu wananila mguu, mpaka Baba akarudisha udongo, akaupigapiga vizuri, akaondoka.

Tangu siku hiyo ndipo nina kikohozi. Nikianza tu kushuka kilima nakohoa kwa nguvu, nasimama, nakohoa tena, nampa nafasi. Nikifika matawi bado yanacheza. Simtafuti kwa macho.

Nilidhani ni siri yangu peke yangu. Juzi kwenye sakau Pernardo akaniuliza kifua kimenifanya nini, kila asubuhi nasikika mpaka barabarani, au Guam walinirudisha kwa ajili hiyo. Baba akadakia, bila kuinua uso, "Mwacheni akohoe. Mtu mwenye kitu chake msituni lazima akohoe. Hata mimi siku hizi nikishuka kwenye changu nakohoa." Watu wakadhani anasema habari za umande. Kisha kifuu kilipomfikia hakukinywa, alinipa mimi kwanza, na hakuniita Nusu. Aliniita Kasiano. Sikumbuki mara ya mwisho aliniita hivyo.

Kwa hiyo, Dada Etuwina, usikate tiketi. Siji. Kibebwe na watu wanne au nikibebe peke yangu kwapani, Baba anizidi au nimzidi, msimu ujao nitapanda tena, na ule mwingine pia. Mwambie bosi wako ampe kazi mtu mwenye mikono misafi. Najua utahuzunika, ulikuwa umeshanitengea chumba. Nisamehe.

Lakini usiku huu wa kukuandikia, neno moja la Baba halinitoki. Kwa nini na yeye akohoe? Anampa nani nafasi? Mimi kwenye kiazi chake nilikwenda mara moja tu, tena zamani kidogo, na njia nilifunika vizuri. Sijui ni nani alimwambia. Nimeanza kumwangalia Mama kwa jicho la pembeni.

Msalimie shemeji, watoto wabusu, na Mungu akupe nafuu ya mgongo. Ukipiga simu nyumbani usimuulize Baba lolote kuhusu viazi. Muulize kikohozi chake kinaendeleaje, halafu sikiliza atanyamaza muda gani kabla hajakujibu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kasiano