Ilunga Alifikiri, Akakosea

Jumapili alasiri, Agosti 2017.

Upepo tangu asubuhi. Upepo wa Agosti wa Joburg hauna adabu, unaingiza vumbi hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Baba Neema, mume wangu, amelala, ametoka lindo la usiku kule Randburg, kwa hiyo naandika kwa simu nikiwa nimekaa chini mlangoni, Josué kifuani, kidole gumba kimoja tu ndicho kilicho huru. Mkiona herufi zimerukaruka, ndiyo sababu.

Nimechoka. Lakini sijachoka kiasi cha kuomba msamaha.

Jambo lenyewe ni hili. Keshokutwa Jumanne, saluni ikifunguliwa, natakiwa kusimama mbele ya watu wote niseme nilikosea. Nisiposema, nitafute pengine pa kuweka kiti changu. Na yote haya kwa ajili ya golikipa ambaye hata hanijui.

Kwa mgeni wa blogu hii: nasuka nywele Marshalltown, ghorofani, juu ya duka la simu. Upande wa dirisha tuko wanawake, upande wa mlango wako vinyozi. Mwenye saluni ni Papa Trésor, mtu wa Lubumbashi, ana sauti ya katekista. Kila Jumamosi ananunua gazeti la Kiingereza, anazima mashine yake ya kunyolea, anakaa kwenye kiti cha mteja na kutusomea kurasa za michezo. Hasomi Kiingereza chenyewe, anakigeuza Kiswahili hapohapo mdomoni. Wanaume wanakuja hata kama hawana nywele za kukata. Kuna baba mmoja ana upara kichwa kizima, na hajawahi kukosa Jumamosi. Saa hiyo tunaiita misa ya pili.

Msimu huu misa imekuwa moto. Kipa mkongwe wa timu yetu amestaafu, wamebaki makipa wawili wachanga ambao ligi kuu walikuwa wanaiona kwenye televisheni kama sisi. Mmoja ni Sipho, amelelewa kwenye shule ya soka ya klabu. Mwingine ni Ilunga, amezaliwa Likasi, kwetu Kongo, amekulia Diepsloot, baba yake ana spaza, kaduka ka mtaani, kule. Goli ni moja. Hawasimami wawili.

Basi sina haja ya kueleza sisi tuko kwa nani. Na pale saluni hakuna anayebisha kwamba waandishi wa magazeti wanamchukia Ilunga kwa sababu ni wetu. Mimi pia niliamini. Bado naamini, ila si kwa namna ile ile, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Jumatano usiku kocha alimpanga Ilunga. Aliokoa mipira ambayo sisi tulikuwa tumeshaihesabu kuwa magoli. Halafu mwishoni mwishoni ikaja kona. Ilunga akatoka golini kuufuata mpira, asiufikie. Mtu akapiga kichwa, goli likiwa wazi. Tukafungwa.

Jana, Jumamosi, nilikuwa namsuka Lindiwe. Huyu ni dada wa Soweto, anafanya kazi ofisini mtaa wa pili, ni mteja wangu tangu kabla sijapata mimba ya Josué. Josué mwenyewe alikuwa amelala kwenye kona yake, nyuma ya kioo changu, kati ya ukuta na kabati la taulo. Papa Trésor ndiye aliyepiga msumari pale na kutundika pazia. Nilipojifungua, saluni nyingine mbili zilinijibu nirudi mtoto akishatembea. Papa Trésor alileta nyundo. Nataka mkumbuke hilo, maana sitaki mumwone mtu mbaya.

Lindiwe alijitazama kwenye kioo, akafurahi, akaniambia kwamba sisi Wakongo tumezaliwa na kitu hiki mikononi. Alisema kwa upendo kabisa. Nikatabasamu. Huwa natabasamu kila mara nikiambiwa hivyo.

Sikuzaliwa nacho.

Nilifundishwa Uvira na mama mdogo, ambaye alinigonga vidole kwa kitana kila nilipogawa nywele upogo. Mpaka leo, kabla sijagusa kichwa cha mtu nakiangalia kwanza. Nywele zinapungua wapi, zinakatika wapi, huyu mtu analala ubavu gani, kitambaa cha kanisani atakifungia wapi. Mistari yote naipanga kichwani mwangu kabla kidole hakijaanza. Kazi hiyo hakuna anayeiona. Watu wanaona vidole.

Nikiwa bado natafuna hilo neno, Papa Trésor akaanza kusoma.

Akasoma kwamba Ilunga ana mikono mirefu, anaruka kama chui, ana nguvu za kuzaliwa nazo. Makofi. Fiston, kinyozi wetu mdogo kuliko wote, akapiga mluzi na kusema kuanzia leo anaitwa Chui wa Likasi. Akasoma kwamba Sipho ametulia, anausoma mchezo, anapanga mabeki, ana kichwa cha kiongozi. Wanaume wakasonya. Halafu Papa Trésor akalishusha gazeti magotini, akasema, "Na mwisho anaandika, mgeni hawezi kupewa goli la klabu kubwa ya inchi hii."

Saluni ikawaka.

Fiston akautafuta ukurasa wa yule mwandishi kwenye simu, akaupata. Ikapitishwa kwamba kila mmoja amwandikie neno moja tu, mbaguzi, apokee mpaka simu yake iishe moto. Hata baba wa upara akatoa simu na kuomba asaidiwe kufungua. Fiston akaniambia na mimi nitoe yangu, si niko na bando.

Nikasema nataka kwanza kuona pameandikwa wapi.

Haukuwa ushujaa. Usiku wa kuamkia jana Josué hakulala, na mtu ambaye hajalala mdomo wake unatangulia. Pia lile neno la Lindiwe lilikuwa linazunguka kichwani. Nikafuta mafuta mikononi, nikachukua gazeti. Kiingereza changu nimekipata kwa wateja na kwenye foleni ya kliniki, kwa hiyo nasoma polepole, kwa sauti, kidole chini ya mstari kama mtoto. Nilijikwaa sana. Fiston alikuwa ananisaidia maneno huku akinicheka.

Chui alikuwepo. Mikono ilikuwepo. Ila kulikuwa na fungu zima ambalo Papa Trésor alilivuka, la ile kona. Kwamba Ilunga aliamua kutoka na alikuwa na haki ya kutoka, ila alichelewa kuamua, na inabidi ajifunze kuchagua wakati. Mwisho imeandikwa Sipho arudishwe mechi ijayo. Basi. Mgeni hakuwemo. Nikampa Lindiwe aangalie, nikidhani labda ni mimi nimepitwa. Akapitisha macho juu mpaka chini, akatikisa kichwa.

Ningenyamaza hapo ingeisha kwa kicheko. Sikunyamaza.

"Papa Trésor, hapa hakusema mgeni," nikasema. "Na pale aliposema vibaya, sisi tumepiga makofi."

"Wapi pale?"

"Pale pa chui. Sipho amepewa kichwa. Ilunga amepewa mikono na miguu. Na sisi tumeshangilia."

Fiston akauliza tangu lini chui ni matusi. "Mama Neema, weye uniite chui hata sasa, nitakunyoa bure."

Watu wakacheka, na mimi nilikaribia kucheka. Nikamwambia, "Chui anaruka, Fiston. Chui hapangi mabeki."

Hapo kicheko kikapungua. Baba wa upara akanigeukia taratibu, akaniuliza, "Mama ya watoto, weye uko upande gani?"

Papa Trésor akalikunja gazeti mara mbili.

"Mama Neema," akasema, "suka."

Nikasuka.

Jioni, watu wameondoka, Papa Trésor alikuja kwenye kiti changu nikifagia nywele. Hakupaza sauti. Alisema wiki nzima watu wale wanasukumwa. Kwenye foleni ya vibali wanasukumwa, kwa robot, kwenye taa za barabarani, wakiuza soksi wanasukumwa, mitaani wanaitwa makwerekwere, tusi la wageni, na kunyamaza. Jumamosi wanakuja pale wapate mtu wa kumkasirikia ambaye hayupo, ambaye hawezi kuwapiga, halafu wanarudi nyumbani wamepumua. Mimi nimewanyang'anya.

Kisha akasema, "Jumanne uwaambie ulisoma vibaya, Kiingereza kilikushinda. Mambo iishe. Ama kiti yako uitafutie fasi ingine."

Akaliangalia pazia la Josué. Afadhali angesema.

Nililia kidogo kwenye ngazi, binti yangu Neema asinione.

Baba Neema alinisikiliza huku anafunga buti za kwenda lindoni. Yeye mwenyewe ni wa Ilunga damudamu. Alisema pole ni neno tu, halina uzito, nilitamke tule. Nikamwambia mimi si wa kuomba pole kwa kusoma. Akanibusu kichwani, akaondoka, na kwa mgongo wake nilijua bado anataka niseme. Hajakosea. Anafikiria ule msumari na lile pazia, na mimi naviwaza. Jumatatu saluni imefungwa, nina kesho tu ya kuzunguka na mtoto mgongoni kuuliza nani ana nafasi, na majibu nayajua.

Leo kanisani wanaume wa misa ya pili walinisalimu kwa ncha za vidole. Sawa.

Tulipokuwa tunarudi kwa miguu, upepo unatusukuma, Neema alinishika mkono akauliza kama Ilunga ana akili. Aliuliza kwa Kiingereza, maana huyu mtoto Kiswahili chetu anakisikia chote na kukijibu kwa lugha ya shuleni. Jana alikuwa sakafuni pale saluni anamchana mwanasesere wake, nikidhani hasikilizi.

Miaka saba. Nikasimama.

"Ilunga alifikiri, mama," nikamwambia. "Alifikiri atoke, akachelewa kidogo. Asiyefikiri angebaki palepale kwenye mstari."

Akatembea kidogo. Kisha akasema basi siku nyingine atoke mapema. Akaendelea kurukaruka nyufa za lami.

Tangu hapo nimetulia. Niliyokuwa nayatafuta tangu jana yalikuwa kwenye jibu nililompa mtoto. Papa Trésor alivuka ile kona kwa mapenzi, najua. Alitaka kumficha kijana wetu aibu. Lakini ukimfichia mtu kosa lake la kuamua, unakuwa umemwondolea na kule kuamua. Anabaki mikono mirefu na kuruka. Yule mwandishi amemnyima kichwa kwa kumsifu, sisi tumemnyima kwa kumpenda, na Ilunga yuko katikati, kijana wa watu, anasubiri kuambiwa lini atoke golini.

Hata mimi wiki zilizopita nilipiga makofi. Vidole vikiwa na mafuta, nilipiga.

Sasa nikuulize, nafsi yangu. Ukienda Jumanne ukasema ulisoma vibaya, Neema akitoka shule atakuja kukaa pale sakafuni. Atasikia. Atakichukua kipi, kichwa au mikono?

Kwa hiyo siendi kusema hivyo.

Nitakwenda, na nitakwenda mapema. Nitasema Kiingereza changu ni kibovu, na nilisoma sawa. Nitamwambia baba wa upara kwamba niko upande wa Ilunga, na ndiyo maana nilisema. Na yule mwandishi nitamwandikia kweli, wala si lile neno la Fiston, maana hatalijibu, na mimi nataka ajibu. Neema atanisaidia herufi. Nitamuuliza kwa nini Sipho anausoma mchezo na Ilunga anaruka tu, wakati yeye mwenyewe kwenye fungu la kona ameandika kwamba aliamua. Lindiwe naye akirudi nitamsimulia habari za mama mdogo na kitana chake. Kwa upole. Ni mteja mzuri.

Papa Trésor akinifukuza, nitakiteremsha kiti changu kwa ngazi zilezile. Pazia nitamwachia, na asante nitampa mbele za watu, maana alinitundikia wakati hakuna mwingine aliyetaka. Josué atalala mgongoni. Nimeshawahi kusuka hivyo, mgongo unauma lakini mistari inanyooka.

Na asiponifukuza, Jumamosi atazima mashine yake, atakaa kwenye kiti cha mteja, na mimi nitasikiliza kama kawaida. Anasoma vizuri kuliko mimi, na sauti anayo. Ila akivuka fungu, nitafuta mafuta mikononi. Nitalisoma mimi, polepole, kidole chini ya kila neno.