Nilimtaja Mpishi Wangu Katika Maombi

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijaharibu zaidi. Nina hoteli ndogo hapa Mumbuni, wafanyakazi watano, na mpishi wangu Mwongeli nimekaa naye miaka sita, chapati zake ndizo zinazoniletea watu, basi mwezi uliopita aliniletea barua ya hospitali akiomba ruhusa ya siku moja kila mwezi aende kliniki, nikaisoma nikajua ana virusi vya UKIMWI, nikalia, nikampa ruhusa papo hapo bila maneno, lakini Alhamisi kwenye maombi ya akina mama nilishindwa kunyamaza, nikasimama nikamtaja kwa jina ili tumwombee, na Mungu anajua nilifanya hivyo kwa kumpenda. Kufikia Jumatatu mafundi wa gereji jirani walikuwa wanauliza nani amepika kabla ya kukaa. Nikamtoa jikoni, nikamweka kuosha vyombo. Hakugombana nami, aliniambia tu, "Mama Mutiso, hiyo barua nilikupea wewe. Sikupea kanisa." Mume wangu Bartholomew anasema nimpe mshahara wa miezi miwili aende apumzike kwao Kivaa mpaka watu wasahau, nami naogopa hoteli itafungwa na wale wengine wanne wakose kazi, lakini naogopa zaidi kumwangalia Mwongeli usoni. Nifanye nini?

Mama Mutiso, Mumbuni

Pole, Mama Mutiso. Naamini unampenda, na siku ya ile barua ulifanya vizuri kuliko waajiri wengi wanaoniandikia. Lakini ilikufikia kwa sababu wewe ni mwajiri wake. Siri ya afya ya mfanyakazi si yako kuipeleka popote, hata kanisani. Mungu angekusikia ukiomba kimya.

Kumpeleka kwenye sinki lilikuwa kosa la pili. Sheria ya kazi hairuhusu umbague mtu kwa sababu ya virusi, na hilo pumziko la mzee wako ni kufukuza kazi kwa lugha tamu. Chapati haiambukizi mtu virusi, na wewe unajua hivyo.

Sasa sikiliza. Mwite Mwongeli, mkae wawili tu, umwombe msamaha bila kujitetea. Usimwambie ulivyompenda. Muulize anataka nini, na ukubali jibu lake hata likiwa ni kukushtaki, maana haki hiyo anayo. Akitaka jiko lake, alipate kesho asubuhi. Siku za kliniki zibaki zake, hakikisha kadi yake ya bima ya afya, ile ya NHIF, haina kasoro, na barua za hospitali uzifungie kwenye droo ambayo ufunguo wake unao wewe peke yako. Akikuruhusu, Alhamisi simama tena uwaambie wenzako ulitoa siri ya mtu na hukuwa na haki, nao waache kuizungusha.

Mteja akiuliza nani amepika, mjibu ni mpishi wetu. Kisha chukua chapati ya kwanza, ukae meza ya katikati, ule mpaka uimalize. Huenda wengine watatoka. Hao ni wateja uliowapoteza kwa mdomo wako mwenyewe, Mama Mutiso, na si Mwongeli wa kuwalipia.