Brashi Anabadilisha Balbu, Kumbe Ni Uso Wangu

...na ndiyo maana nakuandikia tena, Mama Mshauri, maana mara ile niliuliza kama ni kawaida mtu aliyetoka kuolewa kutabasamu peke yake huku anapiga pasi, ukanijibu kwa mstari mmoja tu kwamba ni kawaida ila niangalie nisiunguze shati la mtu. Basi shati sikuunguza. Nimeunguza kitu kingine, na sasa naomba unishike mkono kabla sijaiharibu ndoa ambayo hata zawadi zake hatujamaliza kuzifungua.

Nianze na mume wangu, kwa sababu nikianza na mtu mwingine nitakuwa najidanganya. Mume wangu ni fundi rangi. Wenzake kazini wanamwita Brashi, nami namwita Brashi wangu, naye akisikia anajifanya hajasikia ili nirudie. Akirudi jioni ana matone ya rangi kwenye nyusi, namtoa tone moja moja kwa ukucha, yeye amefumba macho kama mtoto anayenyolewa, na chakula kinapoa na hakuna anayejali. Mama, mimi nimependwa! Sikujua kama mtu anaweza kupendwa hadi akaona haya kupita mbele za watu.

Tulipohamia chumba chetu, kitu cha kwanza alichofanya, kabla hata ya kufunga pazia, alinisimamisha ukutani akaniambia nikunje mkono wa gauni, akaulaza mkono wangu kwenye ukuta mtupu, akaanza kukoroga rangi kwenye ndoo, anatia tone la hili, tone la lile, anapaka kidogo pembeni ya mkono wangu, anasubiri ikauke maana anasema rangi mbichi ina uongo mwingi, anaangalia, anatikisa kichwa, anakoroga upya. Nikamwuliza, "Mume wangu, unatafuta nini? Mkono umeshakufa ganzi." Akasema, "Natafuta ukuta utakaorudi nyuma ili wewe uje mbele." Tukapata manjano fulani iliyotulia, sijawahi kuiona popote, na nikikaa hapo na weusi wangu huu niliourithi kwa bibi mzaa baba, Mama, hata mimi mwenyewe nilijiona kwenye kioo nikasema, kumbe!

Sasa tatizo ni picha ya harusi. Mpambaji aliyenipamba siku ile alikuwa na poda ya aina moja kwa maharusi wote wa mji, nikamwambia dada hii si rangi yangu, akanijibu, "Tulia bibi harusi, kamera inapenda weupe," akanipaka hadi masikioni, na kwenye picha nimetoka kama mtu aliyeinamia gunia la ngano akapiga chafya. Tulicheka, yakaisha. Kumbe hayajaisha, maana picha ile ilitumwa kwa mama mkubwa wa mume wangu, dada wa mama yake, ndiye aliyemlea tangu akiwa darasa la kwanza, na harusini hakufika kwa sababu ya maumivu ya magoti. Akaitia kwenye fremu. Siku moja akapiga simu, mume wangu akaweka sauti kubwa, nikamsikia kwa masikio yangu: "Mwanangu, umeniletea mkwe mweupe peee! Majirani nimewaonyesha wote, wamenyamaza kimya. Kabla mwezi haujaisha nakuja kumwona mweupe wangu." Brashi alikuwa na tonge mdomoni, akacheka, akasema, "Karibu mama," basi. Mimi tonge langu nikalirudisha sahanini.

Nikajiambia, mama huyu atashuka na mifuko yake na magoti yake, afunguliwe mlango na mimi, halafu aniulize, "Mwenye nyumba yuko wapi?" Nitajificha wapi? Na usidhani ni yeye peke yake, Mama Mshauri, maana hata wifi yangu, ambaye tunapendana, alipoiona picha alisema, "Wifi, ungebaki hivi hivi!" akicheka, na mimi nikacheka, lakini neno lile nililala nalo.

Mtaa ninaofanyia kazi ya kupiga pasi, ng'ambo ya duka letu la dobi, kuna mwuza vipodozi. Nikaingia kama naulizia mafuta ya nywele. Akanitazama, akavuta kopo la krimu lisilo na jina chini ya meza, akasema, "Hii naikoroga mwenyewe. Mwezi hauishi utatoka kama picha." Sikumwambia habari za picha! Nikaona hii ni ishara, nikalichukua. Nimelificha ndani ya sufuria kubwa ya harusini tusiyoitumia, maana sisi ni wawili tu.

Mwanzoni niling'aa. Wifi akanong'ona, "Wifi, ni mimba nini?" Nikajiona nimefika. Kisha mashavu yakaanza kuwa mekundu, nikifungua pasi ya mvuke uso unawaka kama nimepakwa pilipili, chini ya macho kumekuwa kweusi kuliko nilivyozaliwa, na vifundo vya vidole vimekataa kabisa kubadilika. Mwenzangu wa meza ya pasi, mama mmoja asiye na staha, alinitazama asubuhi akasema, "Wewe, uso umekwenda sherehe, vidole umeviacha nyumbani vilinde mlango?" Duka zima likaangua kicheko. Nikajitia kucheka na mimi, machozi yakanitoka, nikasingizia mvuke.

Lakini hayo yote ningeyameza. Kinachonifanya niandike ni Brashi wangu. Jioni moja alisimama katikati ya chumba, ameshika kiuno, anatazama ukuta, ananitazama mimi, anatazama ukuta. Akasema, "Hii balbu ni mbovu." Akatoka akanunua nyingine. Akaifunga, akatazama tena. "Na hii." Akaleta ya tatu, ya mwanga wa njano, akanikalisha kitini, akasimama mlangoni amekunja uso, akauliza, "Mke wangu, unaumwa?" Nikasema, "Siumwi, mume wangu, ni joto la pasi." Akaamini! Kila ninachomwambia huyu mtu anaamini, na huko ndiko kuumia kwangu. Jumapili akasema basi kosa ni lake, rangi aliikoroga vibaya, akaupaka ule ukuta upya, Mama, ukuta ule wa mkono wangu. Ulipokauka akasema bado haukai na mimi. Akakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema taratibu, "Macho yangu yameanza kuniacha."

Tangu siku hiyo anakula karoti. Asubuhi karoti, mchana karoti, mimi ndiye ninayemkwangulia, na kila nikikwangua najiona mchawi. Na sasa amepewa kazi aliyoililia tangu aanze ufundi, ukumbi wa shule ya zamani, ukuta mmoja umebomolewa ukajengwa upya, na anatakiwa aupatie rangi ileile ya kuta tatu kuukuu, kwa jicho tu, maana kopo la asili hakuna. Kazi ya jicho kama hiyo, ni nani mwingine wangempa? Naye anasema Ijumaa atakwenda kwa msimamizi wake kumwambia ampe mwingine, asije akaaibika. Nimwambie ukweli, ajue kwamba mke aliyemkorogea rangi ya ukuta alikuwa anajikoroga mwenyewe nyuma ya mlango? Au nimalizie kopo haraka, mama mkubwa aje, anione, aondoke, ndipo niache? Nampenda, Mama Mshauri, nampenda hadi nakuwa mjinga. Anwani yetu nimeiandika chini, usiichapishe, lakini ukipita karibu chai ipo.

Ni mimi, Mke wa Brashi

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu Mke wa Brashi, nimecheka kwenye poda, nikacheka kwenye balbu, na nilipofika kwenye karoti nikaacha kucheka. Mwanamume mzima anakula kama sungura kwa ajili ya macho yasiyo na kosa, na wewe umeshika kikwanguo!

Tuanze na wewe. Unafanya kazi kwa dobi. Mteja akileta shati la rangi na doa dogo kifuani, je, unalimwagia dawa kutoka kwenye chupa isiyo na jina? Unamwuliza kitambaa ni cha aina gani, unajaribu kwanza kwenye pindo la ndani, na ukiona rangi inatoka unaacha hapohapo, kwa sababu unajua rangi ya shati ikishatoka hairudi. Sasa shati la mtu usiyemjua unaliheshimu hivyo, halafu shavu lako mwenyewe ulilopewa moja tu, ukaenda kulimwagia kitu kilichotoka chini ya meza? Na yule muuzaji hakuota habari za picha yako. Kila anayeingia pale anaambiwa atatoka kama picha.

Presha ipo, sikukatalii. Mpambaji alikuambia kamera inapenda weupe, wifi akatania, mama mkubwa akasifu, na kila mmoja alirusha kijiwe chake akaenda zake, hakuna aliyejua kwamba vyote vimekuangukia wewe. Ungenililia hapo ningelia nawe. Lakini nimeisoma barua yako mara mbili nikimtafuta Brashi akikuomba uwe mweupe, sijamwona. Ninayemwona amekusimamisha ukutani mpaka mkono ukafa ganzi, anabadilisha ukuta ili wewe usibadilike.

Kwa hiyo sikiliza, na usinijibu. Kopo hilo usiliguse tena kwa kujipaka, wala usiende kununua lingine la kurekebisha hili, na usijaribu ndimu, wala sabuni ya kufulia, wala ushauri wa yule mama wa meza ya pasi. Kesho asubuhi nenda kliniki, na kopo ulibebe mkobani, maana daktari hawezi kujua kilichokuunguza kama hakioni, na ngozi iliyozoea dawa kali wakati mwingine huleta vurugu ukiiacha ghafla, kwa hiyo akuelekeze yeye. Usione haya, ameona wengi. Ukitoka juani jifunike, na kazini omba wakuhamishie kwenye kukunja nguo mpaka uso upoe. Itachukua muda. Usijitazame kwenye kioo kila saa kama mtu anayesubiri wali uive.

Kumwambia Brashi ni leo, sio Alhamisi usiku. Akirudi, mtoe matone yake ya nyusi kama kawaida, kisha fungua sufuria, umwekee kopo mkononi na umwambie maneno haya tu: "Balbu ni nzima, ukuta ni mzima, na macho yako ni mazima. Ni mimi." Kisha nyamaza, na huko kunyamaza ndiko kutakakokupa shida wewe. Atakasirika. Mwache akasirike, amekula karoti za bure. Lakini mwanangu, fikiria ulichokiandika: wewe ulibadilika kidogo tu, na yeye akaona kwa balbu tatu na ukuta uliopakwa mara mbili. Hilo ni jicho la kuupatia rangi ukumbi wa shule. Ikifika Ijumaa amelitupa, hutakuwa umemharibia balbu tatu tu, utakuwa umemwibia kazi yake.

Na mama mkubwa usimfanye jini. Amelea mtoto akawa mume wa namna hii, hawezi kuwa mtu mbaya, ila kadanganywa na poda. Mpigie wewe mwenyewe, mapema. Mwambie, "Mama, yule wa kwenye fremu alitengenezwa na mpambaji, mimi ni mweusi, na nakusubiri." Akicheka, cheka naye. Akiguna, mwache agune, ana safari nzima ya kuizoea habari hiyo, na akifika mpokee mifuko na umpe kiti chenye mto wa magoti.

Anwani yako sikuichapisha, lakini nimeinakili. Kazini kwangu pia kuna ukuta unaonichosha, nataka Brashi aniambie una kasoro gani. Kwa hiyo weka maji ya chai, mwambie mama mkubwa asimalize sukari, na ulaze mkono wako pale ukutani nione kama kweli manjano ile inarudi nyuma. Mwezi huu hautaisha sijabisha hodi kwenu.