Kipa wa Mchezo wa Kizamani

Khamis, ndugu yangu,

Kesho Seif atasimama langoni pako. Mdogo wako huyo huyo aliyekuwa akisema mpira wa magongo ni mchezo wa watu waliokosa kazi. Anataka kuvaa kaptula yako nyeupe na fulana yako yenye kola, na Mama yako ameshaipunguza kaptula kiunoni. Leo Ijumaa, tumetoka msikitini si muda, na mimi nimekaa sebuleni kwangu naandika.

Maonesho ya turathi yamerudi. Uwanja ni ule ule, nyuma ya vibanda vya halua, udongo umemwagiwa maji ukakauka ukawa mgumu kama sakafu. Wametupa tena saa moja baada ya alasiri tuwaoneshe watu magongo yalivyochezwa Unguja enzi za baba zetu, kabla hawajahamia huku Uarabuni. Bado tunaanza kwa wachezaji wawili kugonga ardhi na kugonganisha magongo mara tatu ndipo wagombee mpira, na watazamaji wanahesabu kwa sauti. Hakuna plastiki, hakuna viatu vya rangi rangi, na mkaguzi wa yote hayo ni mimi. Ulikuwa ukiniita Mudiri wa Mavumbi, bwana mkubwa wa uwanja wa vumbi. Nilijidai kukasirika, kumbe nalipenda jina lile.

Kwenu, mtaani Bawshar, mengi yamebadilika. Chumba chako sasa analala Mama yako, anasema kina ubaridi mzuri. Watu wote wanajua umekufa kwa presha. Kweli ulikuwa nayo, na vidonge ulikuwa ukivisahau, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Ulilala, alfajiri hukuamka, adhuhuri tukakuzika. Kila nikienda Mama yako hunambia, "Nnamshukuru Mungu, Nassor, mwanangu hakuteseka." Nami naitikia. Naitikia, Khamis!

Siku ile ya maonesho ya mwaka jana ulikuja na kofia ya kipa, ile yenye wavu wa chuma mbele. Nikakwambia mbele ya wenzetu, "Kipa wa zamani gani huyo? Umekuja kuchomea vyuma?" Wakacheka wote. Na wewe ukacheka, ukaivua, ukaisukuma chini ya benchi. Mpira wa ngozi nilikuwa nimeutafuta mwenyewe, mzito, najivuna nao kama nimeokota lulu. Ulikupiga juu ya sikio. Ukapiga magoti, ukainuka, ukajipukuta vumbi. "Endeleeni bwana, mbona mnanitizama kama biharusi?" Wakaendelea, na nadhani mpaka leo wamesahau.

Baadaye msimamizi wa maonesho alileta fomu yake, anauliza kama kuna mchezaji aliyeumia. Nilijua nikisema ndiyo watatufungia mchezo. Nikaandika hakuna, nikatia saini. Na gari la wagonjwa lilikuwa pale getini, watu wake hawana kazi, wanakula sambusa.

Halafu njiani, nakurudisha kwenu kwa gari langu. Uliniuliza leo siku gani, nikakujibu. Hatujafika hata taa za pili za barabarani ukaniuliza tena, leo siku gani. Nikakucheka. Nikasema uzee umekubishia hodi. Nikakushusha mlangoni kwenu, nikapiga honi, nikaenda zangu. Alfajiri yake ndiyo hukuamka.

Juzi mazoezini mpira ulipita kando ya uso wa Seif ukagonga mwamba wa lango nyuma yake. Nikauokota nikaupima mkononi. Mpira wa mwaka huu ni mgumu zaidi, nao nimeuchagua mimi. Nilimwambia avae kofia, akanijibu, "Kaka Nassor, Kaka Khamis hakuvaa, na mimi sivai. Si wewe mwenyewe ulosema ndo asili?" Nikaona niufute mchezo bila kueleza sababu. Wamesema wataucheza bila mimi, kwa sababu ni kwa ajili yako, na jina lako limeandikwa kwenye bango. Sasa sina njia ya kumtoa pale langoni ila kusema nilichokifanya.

Jana nilikwenda kwa Mama yako niseme. Alinitilia kahawa, akaniletea kaptula niuone mshono. "Tizama, haijulikani kama imeshonwa upya. Seif akiivaa ntamuona Khamis wangu." Nikasema imependeza. Nikanywa kahawa yangu, nikaondoka. Mwoga mimi.

Leo nimepiga simu nikawaomba waje wote wawili, yeye na Seif. Wanadhani ni mambo ya timu. Fomu ya mwaka huu nimeshaijaza, na panapouliza kama mwaka jana kuna aliyeumia nimeandika jina lako kamili. Jioni msimamizi ataipata. Nataka Mama yako asikie kwangu kwanza, asije akasikia kwa watu.

Sikuombi msamaha. Huwezi kunijibu, na mimi ningejijibu kwa niaba yako, kama nilivyokuamulia mambo mengine.

Ninakuahidi hivi. Nitaeleza yote, kuanzia kofia mpaka yale uliyoniuliza garini mara mbili. Sitasema nilidhani hukuumia. Sitataja presha. Seif akinipiga sitamzuia. Wakinikataza kuja kaburini kwako nitatii, ndiyo maana nakuaga hapa.

Gari lao limesimama nje. Mama yako anashuka taratibu, kashika sahani iliyofunikwa kitambaa. Aliniambia kwenye simu, "Nnakuja na mkate wa ufuta, mwanangu, najua wewe hujala." Mwanangu. Tangu tukuzike ananiita hivyo, na baada ya leo sidhani kama ataniita tena.

Buriani, Khamis. Wamefika mlangoni, nakwenda kuwafungulia.

Nassor