Ukimya wa Yule Kauboi

Saa 10:05 alasiri filamu imeanza. Ni ile kauboi ya Kiitaliano isiyojulikana na mtu, ambayo nimekuchosha nayo mwaka mzima.

Mwenzangu, nimeaibika.

Wajumbe watatu wa maktaba, mkutubi mkuu na mama wa mapokezi wakiwemo, walikuja kuamua kama nipewe ukumbi wa kuonyesha filamu kila Jumamosi.

Dakika kumi shujaa hasikiki. Hata farasi hasikiki. Nikasimama kuwaeleza. "Angalieni ukimya huu. Mwongozaji haogopi kunyamaza."

Nilisema hivyo. Haogopi kunyamaza.

Mama wa mapokezi akauliza, "Mbona midomo inacheza, mwanangu?"

Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo kasoro ya filamu hizi: sauti ziliingizwa baadaye, midomo haiendani na maneno. Hilo ni kweli. Bastola ya risasi sita inapiga kumi na moja, nalo nikawaambia. "Lakini ukimya ndio utamu wake."

Mjumbe wa tatu, fundi umeme mstaafu, akainama nyuma ya spika. "Bibie, waya huu haujachomekwa."

Akauchomeka. Kauboi alikuwa katikati ya hotuba. Anaongea kuliko mjomba wako akipewa kipaza sauti.

Mama wa mapokezi alicheka mpaka akavua miwani. "Kumbe maskini alikuwa na yake ya kusema, sisi tunamsifu kwa kunyamaza."

Hakuna aliyeondoka, lakini. Zile nyuso zinazojaa skrini nzima ziliwakamata mpaka risasi ya mwisho.

Saa 12:10 mkutubi mkuu amesaini fomu ya ukumbi. Jumamosi zote ni zangu. Kwenye nafasi ya masharti ameandika kwa mkono: "Maelezo yatolewe baada ya filamu."