Kaka, Hukutoroka Makongolosi

Kaka yangu Lusajo,

Miaka sita nilikuchukia. Naanza hapo kwa sababu hukupenda maneno ya kuzungukazunguka.

Ulipoacha kupiga simu, mama aliripoti polisi, kisha akaenda mwenyewe Makongolosi, hadi kwenye duara, lile shimo ulilokuwa unachimba dhahabu. Mwenye duara alimpa chai, akamwambia, "Mwanao katoroka, mama. Kapata mwanamke, wameenda Msumbiji." Mama alirudi nyumbani Ilomba akatukataza kulitaja jina lako. Lakini simu ya namba ngeni ikiita, aliikimbilia. Siku ya harusi yangu kiti chako kilikaa kitupu, nikakulaani moyoni. Nisamehe. Tulidanganywa.

Mwaka jana wachimbaji wengine walilifukua lile duara, lilikuwa limefukiwa siku nyingi, wakakuta mifupa. Polisi wakatuita.

Mtaalamu wa mifupa alikuwa dada mmoja wa makamo, mpole. Alikuwa ameipanga mezani kama mtu aliyelala chali. Nyonga, alisema, ni za mwanaume. Ncha ya mtulinga, huu mfupa wa chini ya shingo, ilikuwa haijamaliza kuunga, kwa hiyo ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Alipima mfupa wa paja, akasema alikuwa mrefu. Nikajiambia vijana warefu wako wengi. Ndipo akainua mfupa wa mkono wa kushoto, una kinundu.

"Huu ulivunjika utotoni ukaunga. Ndugu yenu aliwahi kuvunjika mkono?"

Mama akakaa sakafuni.

Ulikuwa na miaka kumi. Mimi ndiye niliyelilia parachichi la juu kabisa kwa jirani, ukapanda, tawi likakatika. Jasho linakutoka, mkono umeukumbatia, ukaninong'oneza, "Usiseme ulinituma. Nitasema niliteleza mtoni." Sikusema hadi siku ile, mbele ya ile meza.

Yule dada hakutaka kilio chetu kiamue. "Mkono peke yake hautoshi," alisema. Alisugua shavu la mama kwa ndani kwa kijiti chenye pamba, akachukua na jino moja, vikapelekwa maabara. Tulisubiri miezi. Majibu yakaja: mwenye jino ni mtoto wa mama. Na mbavu zako zilivunjika bila kuanza kuunga hata kidogo. Udongo ulikuangukia, kaka.

Mwenye duara alikuja msibani. Alivua kofia, akasema mbele ya watu wote, "Duara lilikuwa limeshaporomoka, asingepona. Nikaagiza lifukiwe. Niliona afadhali mama aishi na matumaini."

Matumaini! Nilimrukia, wajomba wakanishika. Mama hata hakuinua sauti. "Mwacheni akae," alisema. "Akae hapa mbele, aje arudie maneno hayo kwa polisi."

Aliyarudia. Sasa yuko mahabusu. Lakini kuna jambo moja anaapa kwamba halijui, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kwenye lile shimo ilitoka mifupa miwili ya paja la kushoto. "Mtu mmoja hawezi kuwa nayo miwili," yule dada alituambia. Mwenye duara anasema ulikuwa peke yako.

Mwongo. Simu yako ya mwisho ulicheka sana, ukasema, "Niko na Mhehe mmoja wa Kilolo, ananifundisha matusi ya kwao." Sikukuuliza anaitwa nani. Ningejuaje?

Kesho asubuhi napanda basi la Iringa, kisha Kilolo. Nitauliza makanisani, sokoni, popote, mpaka nimpate mama mwingine aliyeambiwa habari za Msumbiji. Nimwambie aache kumchukia mwanawe. Nimwambie shavu lake linahitajika.

Ndaga, kaka, asante. Lala. Mimi bado nina hasira, na mara hii naihitaji.

Mdogo wako wa mwisho