Kundi la Wakubwa

Alhamisi, Makiso

Nimejifungia nje. Katika programu ya kompyuta ya faili za wagonjwa wa zahanati yetu, ambayo mimi ndiye msimamizi wake, hakuna mfanyakazi aliyekubali kuitwa mdogo, kwa hiyo wote tuliwaweka katika kundi la wakubwa, lenye ruhusa zote. Leo niliwaondoa kwa pamoja, ili nimrudishie kila mmoja ruhusa inayomfaa. Jina langu lilikuwa humo humo.

"Papa, umejifukuza na wewe?" Mama Josée, muuguzi wetu, alicheka. "Bon, unifungulie faili ya ule mutoto wa homa, mwenye alitoka Isangi."

Nilishindwa. Dozi za dawa ambazo mtoto huyo amekwisha kupewa zimeandikwa humo tu. Fundi wa programu aliye Kinshasa, ambaye angeweza kunirudishia ruhusa, hapokei simu.

Akaniuliza ampe nyingine au angoje. Mimi si daktari, na daktari yuko ng'ambo ya mto, hapatikani kwa simu. Nimemwambia angoje, na homa inapanda.